Ridhaa ya Nani? Historia ya Watu Wanaokimbia Matopeni

Kiswahili kina neno ambalo waandishi wa michezo wanalitumia kila siku bila kulitazama usoni. Neno lenyewe ni ridhaa. Tunasema timu ya ridhaa, bondia wa ridhaa, mkimbiaji wa ridhaa, tukimaanisha yule asiyelipwa. Waingereza humwita mtu huyo amateur, neno lililowafikia kwa njia ya Kifaransa kutoka Kilatini, na shina lake ni kupenda. Sisi hatukuchukua kupenda. Tulichukua neno la asili ya Kiarabu, ndugu wa tumbo moja na radhi: ile tunayoiomba kwa wazazi kabla ya safari, ile tunayoombana tukikoseana. Mtu wa ridhaa, basi, ni mtu aliyekubali mwenyewe. Hakuna aliyemsukuma.

Nimelifikiria sana neno hili kwa sababu mimi ni mmoja wa watu hao. Nakimbia na klabu ya mtaani, sijawahi kushinda chochote, na nafasi yangu ya kawaida ni theluthi ya mwisho, pale maji ya kunywa yanapoanza kupungua mezani. Mbio za lami hazinipi raha sana. Napenda zile zinazopita shambani, mtoni na kilimani, zenye matope na mawe, yaani mbio za ardhi mchanganyiko. Na nawahusudu binamu zake, wale wanaoogelea, wakapanda baiskeli, kisha wakakimbia, yote kwa mkupuo mmoja. Nilipoanza kusoma mambo haya yalikotoka nilitegemea kukuta habari za miguu na mapafu. Nilichokuta ni mabishano ya zaidi ya miaka mia moja juu ya swali moja: nani anaruhusiwa kukimbia kwa ridhaa yake?

Kwa kuwa hapa ni baraza la wapenda vitabu, tuanzie kitabuni.

Karatasi zilizochanwa

Mbio za nyika kama tunavyozijua zilianza kama mchezo wa watoto wa wakubwa. Katika shule za bweni za Uingereza, zile za ada nzito, kulikuwa na mchezo ulioitwa sungura na mbwa. Wavulana wachache, ndio sungura, walitangulia na mifuko ya karatasi zilizochanwachanwa, wakizimwaga njiani badala ya harufu. Waliobaki, ndio mbwa, walisubiri dakika kadhaa kisha wakaifuata ile harufu ya karatasi kupitia mashamba, mitaro, nyua za miiba na vijito. Njia ilikuwa pale karatasi ilipoangukia, basi. Shule ya Shrewsbury ina kumbukumbu za maandishi za mbio hizo tangu 1831, na klabu ya mbio ya shule hiyo bado inajiita kundi la uwindaji: nahodha ni Mwindaji, wakimbiaji ni mbwa. Ulikuwa uwindaji wa mabwana wenye farasi, ukiigizwa na watoto waliokuwa bado hawajapewa farasi.

Kitabu kilichoutangaza mchezo huu nje ya kuta za shule ni *Tom Brown's School Days* cha Thomas Hughes, kilichochapishwa 1857. Hughes alisoma Rugby kuanzia 1834, enzi za mwalimu mkuu Thomas Arnold, na riwaya yake imejaa maisha ya shule hiyo. Mna sehemu ambayo wavulana wanachana magazeti na madaftari ya zamani hadi mifuko inajaa, halafu wanatoka mbio kuelekea kanisa la kijiji cha Barby, maili tisa hivi. Tom na rafiki zake wawili, East na yule mdogo aitwaye Tadpole, ni wageni katika mchezo. Wanafuata kundi, wanaipoteza harufu, wanaipata tena, wanaachwa. Giza linawakuta mbali na shule, wamechoka, wamejaa matope. Wanarudi usiku wakiwa wamechelewa na wanapelekwa mbele ya Arnold, wakijua kabisa kinachowangoja. Arnold anawauliza kama wameumia, kisha anaagiza wapewe chai.

Hebu fikiria uamuzi wa mwandishi hapo. Hughes alikuwa na uwezo wa kumpa shujaa wake ushindi. Riwaya ni yake. Badala yake, mbio maarufu zaidi za nyika katika fasihi ya Kiingereza ya karne hiyo zimesimuliwa kutoka nyuma ya kundi, kwa macho ya watu watatu ambao hawakuwahi kumaliza kwa wakati. Hata leo hatumkumbuki aliyeshinda. Tunakumbuka matope, woga na chai. Kila mtu aliyewahi kuwa wa mwisho katika mbio za kilimani anajua kwamba Hughes alisema kweli: aliye mbele anaona saa, aliye nyuma anaona mashamba.

Miaka 10 baadaye mchezo ulitoka shuleni. Desemba 1867, wanachama wa klabu ya wapiga makasia ya Thames, mjini London, waliandaa mbio za usiku katika uwanda wa Wimbledon. Sababu yao ilikuwa ya kawaida tu. Majira ya baridi mto haupigiki makasia, na mwili ukikaa kivivu hadi majira ya kuchipua unaharibika. Mwaka uliofuata, 1868, walianzisha klabu ya mbio yenye jina la ule mchezo wa shule: Thames Hare and Hounds. Inahesabiwa kuwa klabu kongwe kuliko zote za mbio za nyika duniani. Tunapodhani kuchanganya michezo ni ubunifu wa juzi wa Wamarekani, tukumbuke hao watu wa makasia waliovaa viatu ili wasioze wakati wa baridi.

Mwaka 1876 yakafanyika mashindano ya kwanza ya taifa ya Uingereza ya mbio za nyika, katika msitu wa Epping. Wakimbiaji 32 walianza. Wote 32 walipotea, na mashindano yakafutwa. Msomaji wangu, naomba usome tena: mashindano ya kwanza kabisa ya taifa hayakupata mshindi kwa sababu hakuna aliyeifuata njia. Nikipotea njia siku hizi najifariji kwamba naenzi mila.

Fundi akatazwe

Hadi hapa inaonekana kama hadithi nzuri ya vijana na matope. Sasa tutazame mlangoni.

Katika miaka ya 1860 mabwana wa London waliunda chama cha riadha kilichoitwa Amateur Athletic Club, nao wakaandika maana ya neno amateur. Asiwe amewahi kushindania fedha. Asiwe amefundisha michezo kwa malipo. Haya mawili unaweza kuyaelewa, maana siku zile mbio za kulipwa zilijaa kamari na udanganyifu. Lakini wakaongeza la tatu: asiwe fundi, mtu wa kazi za mikono, wala kibarua. Yaani seremala ambaye hajawahi kupokea hata senti moja kwa kukimbia hakuwa wa ridhaa, kwa sababu tu ya mikono yake. Hoja yao ilikuwa kwamba kazi ya nguvu inampa misuli asiyostahili. Ukweli ni kwamba waliogopa kushindwa na wahunzi, na waliogopa zaidi kukaa nao meza moja baadaye.

Kipengele hicho kilivunjwa katika riadha tarehe 24 Aprili 1880, pale wanaume watatu wa Oxford, Clement Jackson, Montague Shearman na Bernhard Wise, walipokuwa vinara wa mkutano wa Hoteli ya Randolph mjini humo, na chama kipya, Amateur Athletic Association, kikazaliwa. Fundi akaruhusiwa. Katika makasia haikuwa hivyo. Mwaka 1936 timu ya polisi wa Australia waliokuwa wakielekea Olimpiki ya Berlin ilikataliwa katika mashindano ya Henley, eti polisi ni watu wa kazi za mikono. Aibu ya kesi hiyo ndiyo iliyofanya kanuni ibadilishwe mwaka uliofuata. Hesabu mwenyewe: michezo miwili iliyozaliwa kando ya mto mmoja, na mmoja ulimngoja fundi zaidi ya nusu karne baada ya mwenzake.

Baada ya 1880 historia ya klabu za mbio ni historia ya Jumamosi mchana. Sheria ya viwanda ya 1850 ilikuwa imeagiza wanawake na vijana wa viwanda vya nguo waachiwe saa nane mchana siku ya Jumamosi, na taratibu nusu siku hiyo ikawa desturi ya wafanyakazi wengi. Ndipo zikachanua klabu za miji ya moshi: Birchfield Harriers ya Birmingham, iliyoanzishwa 1877, Salford Harriers kando ya Manchester, 1884, na nyingine nyingi zilizojipa jina la harriers, mbwa wa kuwinda sungura. Wanaume wa kiwandani walichukua jina la mchezo wa watoto wa mabwana wakakimbia nalo, bila mkufunzi, wakibadili nguo katika vilabu vya pombe na kunawa matope kwenye beseni moja. Mbio nyingi za nyika nchini humo bado zinafanyika Jumamosi mchana. Wanaozikimbia leo wanaifuata ratiba ya kiwanda kilichokwisha kufungwa.

Ila kanuni ya fedha ilibaki, na ndiyo iliyouma zaidi milimani. Huko kaskazini, kwenye milima ya Cumbria, wachungaji na waongoza wageni walikuwa wakishindana kupanda na kushuka kwenye sherehe za vijiji. Mbio za waongozaji za Grasmere zinaanzia 1868. Zawadi ilikuwa fedha taslimu, na kwa mchungaji hizo zilikuwa fedha za maana. Kwa kuzipokea akawa mtu wa kulipwa, na mtu wa kulipwa hakutakiwa kukanyaga mbio za ridhaa. Kwa hiyo mlima mmoja ulikuwa na aina mbili za wakimbiaji ambao hawakuruhusiwa kushindana. Yule aliyeujua mlima kwa kulisha kondoo juu yake ndiye aliyeonekana ameuchafua.

Mtu asiye na namba

Ukitaka kuona kanuni hiyo ilivyoweza kumtafuna mtu mzima, msome John Tarrant. Alizaliwa London 1932, akalelewa sehemu ya utoto wake katika nyumba ya watoto, akahamia mji wa Buxton. Akiwa kijana alipigana ndondi za mtaani mara chache na jumla ya alichopata ni paundi 17. Akaacha, akapenda mbio. Alipoomba kuingia riadha ya ridhaa alieleza ukweli kuhusu hizo paundi 17. Wakamfungia maisha.

Tarrant akaamua kukimbia hivyo hivyo. Kuanzia 1956 alianza kuvamia mbio. Alifika kwa pikipiki pamoja na mdogo wake, amevaa koti refu. Watu wakishajipanga analivua na kuingia kundini bila namba kifuani. Waandaaji walijaribu kumdaka, watazamaji wakamshangilia. Magazeti yakampa jina, mkimbiaji mzuka. Mwaka 1958 alifunguliwa kukimbia ndani ya Uingereza, akavaa jezi ya Salford Harriers, akaweka rekodi za dunia za maili 40 na maili 100. Lakini kuiwakilisha nchi yake nje hakuruhusiwa hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka 1968 alikwenda Afrika Kusini kukimbia Comrades, tena bila namba. Alifariki 1975 akiwa na miaka 42.

Kuna kitu katika kisa hiki ambacho kanuni haikuweza kukiona. Tarrant alitumia mshahara wake, likizo zake na afya yake kukimbia mahali ambapo jina lake halingeandikwa hata kwenye matokeo. Kama huyo si mtu wa ridhaa, basi neno hilo halina maana. Waliokuwa na rejista waliandika yasiyolingana na kilichopita mbele ya macho yao barabarani.

Wakati huo huo fasihi iligeuza swali upande wa pili. Mwaka 1959 Alan Sillitoe, mtoto wa Nottingham aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha baiskeli cha Raleigh, alichapisha *The Loneliness of the Long-Distance Runner*. Kijana mwizi yuko katika gereza la vijana. Mkuu wa gereza anagundua kwamba anaweza kukimbia na anamruhusu kutoka alfajiri kufanya mazoezi nyikani, ili awashindie kikombe. Kijana anaipenda ile alfajiri. Siku ya mashindano anaongoza, anakaribia mwisho, halafu anapunguza mwendo makusudi na kumwacha mwenzake apite.

Wengi husoma hadithi hii kama ya uasi. Mimi naisoma kama hadithi ya ridhaa. Mbio za asubuhi zilikuwa zake. Kikombe kilikuwa cha mkuu wa gereza. Tarrant alinyimwa namba ingawa alikuwa na ridhaa, na kijana wa Sillitoe alipewa namba wakati ridhaa hana. Ukiwaweka hao wawili pamoja utaona kwamba kutokulipwa ni sehemu ndogo sana ya jambo lenyewe.

Wanawake na gari la wagonjwa

Mlango wa tatu ulifungwa kwa nusu ya watu. Baada ya mbio za mita 800 za Olimpiki ya 1928, wakubwa wa riadha waliamua wanawake hawawezi umbali, na hadi 1960 hapakuwa na mbio za wanawake zinazozidi mita 200 katika Olimpiki. Kama mizunguko miwili ya uwanja ilionekana hatari, kilima chenye mawe ungekitaja kwa nani?

Mwaka 1955 Kathleen Connochie, msichana wa miaka 16, alitaka kukimbia mbio za Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, mita 1,345. Kuandikishwa rasmi haikuwezekana. Akakimbia nje ya orodha, akapanda na kushuka kwa muda wa saa 3 na dakika 2. Mwaka 1964 Dale Greig, mwanachama wa klabu ya Tannahill Harriers ya Paisley, Scotland, alikimbia marathoni ya Kisiwa cha Wight, maarufu kwa vilima vyake. Alitangulizwa dakika nne kabla ya wanaume ili isihesabike kuwa anashindana nao, na gari la wagonjwa likamfuata nyuma. Alimaliza kwa 3:27:45, muda ambao mimi na wengi wa klabu yangu tungeuandika ukutani.

Hilo gari la wagonjwa ndilo linalonikaa kichwani. Ni picha kamili ya mtu ambaye amekubali mwenyewe, lakini wenzake hawajakubali kwamba amekubali.

Shahidi juu ya kilele

Juni 1932 mtu mmoja mwenye nyumba ya wageni mjini Keswick, Bob Graham, alipita vilele 42 vya milima ya Cumbria ndani ya saa 24, umbali wa kilomita 106 hivi. Marafiki walimsindikiza kwa zamu. Hapakuwa na zawadi, hapakuwa na mpinzani. Kwa miaka 28 hakuna aliyerudia, mpaka 1960 Alan Heaton wa Clayton-le-Moors Harriers, klabu ya wafanyakazi wa Lancashire, alipofanikiwa. Mwaka 1971 ikaundwa klabu ya waliomaliza mzunguko huo. Jean Dawes akawa mwanamke wa kwanza, 1977. Leo wameshapita watu 2,000.

Kanuni ya klabu hiyo inanifurahisha kuliko zote nilizokutana nazo katika utafiti huu. Ili uhesabiwe, ni lazima uwe na shahidi katika kila kilele, mtu aliyekuona ukifika. Huyo shahidi mara nyingi ni mwanaklabu mwenzako aliyeamka saa nane usiku, akapanda mlima na chai ya chupa, akakimbia nawe saa nne kwenye ukungu, akakukabidhi kwa mwingine na kurudi nyumbani. Jina lake haliingii kwenye orodha. Mwakani wewe utamfanyia yeye. Sasa ulinganishe mlinda mlango wa miaka ya 1860, anayeuliza baba yako anafanya kazi gani, na huyu shahidi wa kilele, anayeuliza tu kama umefika. Wote wawili wanalinda maana ya ridhaa.

Taa za magari baharini

Klabu za mbio ndizo pia zilizozaa triathloni, ingawa matangazo ya leo yangekufanya udhani ilizaliwa na kampuni. Jumatano jioni, tarehe 25 Septemba 1974, wanachama wawili wa San Diego Track Club, Jack Johnstone na Don Shanahan, waliandaa mbio za kukimbia, baiskeli na kuogelea katika ghuba ya Mission Bay, California. Watu 46 walifika baada ya kazi. Giza liliwakuta wa mwisho wakiwa bado majini, na magari yakageuzwa taa zielekee baharini ili waonekane. Tena tuko nyuma ya kundi, msomaji, na tena wenye kumbukumbu nzuri zaidi ni waliochelewa.

Kati ya waliokuwepo jioni hiyo ni John na Judy Collins, mume na mke. Baadaye walihamia Hawaii, ambako wakimbiaji na waogeleaji walibishana nani ana mwili imara zaidi. Collins akasema tuunganishe: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, na marathoni nzima juu yake. Februari 18, 1978, wanaume 15 walianza, 12 wakamaliza, wa kwanza akiwa Gordon Haller kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Wakaiita Ironman. Mwaka uliofuata Lyn Lemaire akawa mwanamke wa kwanza kumaliza. Leo jina hilo ni mali ya biashara kubwa, na baiskeli moja ya mshiriki inaweza kuwa na thamani ya pikipiki mbili.

Riadha yenyewe iliachana na kanuni ya zamani polepole. Kuanzia 1982 wanariadha waliruhusiwa kuwekewa fedha kwenye mifuko maalumu, na mwaka 2001 shirikisho la dunia likaliondoa neno amateur katika jina lake. Ugomvi ukaisha kwa neno kufutwa.

Mchakamchaka na hiari

Na sisi je? Riadha ya vyama ilitufikia kwa mikono ya watu waliokulia katika mfumo ule wa 1880. Mwaka 1954 Nyandika Maiyoro na Lazaro Chepkwony wa Kenya walikimbia mashindano ya Amateur Athletic Association pale White City, London. Chepkwony alikimbia pekupeku. Hata mchezo wa karatasi ulisafiri na dola: mwaka 1938 Waingereza walioko Kuala Lumpur waliufufua kwa jina la Hash House Harriers, na vikundi vya ukoo huo vipo hadi Nairobi na Dar es Salaam.

Lakini kwa Mtanzania wa kawaida kukimbia hakukuanzia White City. Kulianzia mchakamchaka. Alfajiri, kabla ya namba, mbele ya mwalimu wa zamu mwenye fimbo. Au kambini, JKT, lililoanzishwa 1963. Tulikimbia kwa sauti moja, tukiimba, na hakuna aliyetuuliza. Wengi wetu tuliapa kwamba tukimaliza shule hatutakimbia tena maishani.

Ndiyo maana vikundi vya jogging vya Dar es Salaam vinanishangaza kila nikivitazama. Nenda barabara za Temeke au Mbagala alfajiri ya wikendi. Utawaona dereva wa bodaboda, mama lishe, fundi wa friji, karani wa benki, wamevaa fulana za rangi moja, wanaimba. Wimbo ni wa mchakamchaka, hatua ni za mchakamchaka, ila fimbo haipo. Walichukua kitu walicholazimishwa utotoni wakakifanya cha hiari, kama vile wahunzi wa Salford walivyochukua mchezo wa watoto wa mabwana. Na fundi, yule aliyekatazwa mwaka ule, ndiye katibu wa kikundi.

Mbio zenye ardhi ngumu nazo zimetukaribia. Lewa, Kenya, tangu mwaka 2000 watu wanakimbia kwenye vumbi ndani ya hifadhi ya wanyama, askari wakilinda njia. Moshi tangu 2003 kuna Kilimanjaro Marathon, na njia yake kupanda na kushuka inamkumbusha kila mtu mlima ulipo. Ninapokwenda kwenye mbio za namna hii naona mlango mpya. Hauulizi baba yako alikuwa nani. Unauliza ada ya ushiriki, nauli, malazi ya usiku mmoja, na viatu vyenye meno. Mama lishe wetu anayekimbia kuliko mimi hajawahi kwenda Moshi. Hakuna aliyemkataza, hesabu tu hazikubali. Kanuni ya miaka ya 1860 iliandikwa ili fundi asiingie, na hii ya sasa haikuandikwa na mtu yeyote, lakini Jumapili ya mbio ukihesabu nani yupo na nani hayupo, matokeo yanaanza kufanana.

Klabu yetu imejaribu jibu dogo. Tunachanga kidogo kidogo kila mwezi, na fedha zikitosha tunapiga kura nani aende. Wanaobaki tunaandaa mbio zetu wenyewe kwenye njia za mashambani nje ya jiji: hakuna medali, kuna muhogo wa kuchemsha na chai, na mtu mmoja anapewa kazi ya kukimbia nyuma kabisa ili asipotee mtu. Kazi hiyo huwa inanifaa. Kwenye kijito, mwanaklabu mmoja anasimama tangu asubuhi akiwa amekunja suruali, anawashika mkono wanaovuka, anahesabu vichwa. Hakimbii siku hiyo. Nikifika mimi ndipo naye anatoka majini, anakata jina la mwisho kwenye karatasi yake, na tunaanza kutembea pamoja kuelekea kwenye chai.